Jino langu kwenye sinia la wakwe

Jamani, leo jino langu limenivua nguo mbele ya wakwe. Sisemi kwa mafumbo. Nasema jino lenyewe, la mbele, la kushoto, lile ambalo nusu yenu humu kwenye grupu nimewahi kuwaomba mlibonyeze kwa kidole ili muone lilivyo imara. Halipo. Someni kwanza hadi mwisho, kucheka kutakuja baadaye.

Kwa wale walioingia juzi na hawanijui: mimi ni Amisi, natengeneza meno hapa Kasongo kwenye kituo kidogo, chini ya shefu wangu, Mado. Huyu mama ndiye daktari. Mimi ni msaidizi wake niliyesoma. (Nakazia hilo la kusoma kwa sababu mkimaliza kisa hiki mtakuwa na mashaka.)

Mvua zilizopita nilianguka na pikipiki nikitoka Wamaza. Pikipiki haikupata hata mkwaruzo. Mimi nilivunja pembe za meno mawili ya mbele, la kulia na la kushoto, karibu sawasawa. Mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi, maana mimi na Mado tulikuwa na ubishi wa muda mrefu, na sasa nilikuwa na meno mawili ya kuumalizia.

Ubishi wenyewe ni huu. Jino lililovunjika tunalijazia resini, kile kitu laini cha rangi ya jino ambacho kinakuwa kigumu ukikimulika kwa taa yake ya buluu. Lakini resini haishiki jino hivihivi. Lazima katikati kuwe na gundi, sisi tunaiita kole, na hapo kwenye kole ndipo watu wa kazi yetu wanapokosana. Njia ya zamani ina hatua nyingi: unapaka asidi, unaosha, unakausha, unapaka kole, unamulika. Ile asidi inalikwaruza ganda la jino kama mwashi anavyokwaruza ukuta kabla ya kupiga plasta, ili kole ipate pa kushika. Njia mpya ni chupa moja tu. Unapaka, unapuliza, unamulika, mgonjwa anakwenda nyumbani.

Mado hana ugomvi na chupa. Anachosema ni kwamba chupa inafaa zaidi ndani ya jino, kule kuliko laini, lakini ganda la nje ni gumu na linataka asidi yake.

"Mu ndani chupa iko muzuri," aliniambia. "Lakini kwa pembe ya jino ya mbele, bila asidi, itatoka."

"Itatoka siku gani?"

"Siku sijuwe. Najua itatoka."

Mimi nilisimama upande wa chupa. Maji yetu ya kuoshea yanabebwa kwa bidoni za plastiki. Batri ya pano, ile ya umeme wa jua, inachoka kukiwa na mawingu. Na mgonjwa akikaa mdomo wazi muda mrefu, anaanza kumeza mate, anakohoa, anaomba kutoka nje. Mate yakigusa jino lililokaushwa, kazi yote inaanza upya. Hatua zikipungua, makosa yanapungua. (Bado naamini hivyo. Kidogo.)

Basi tukakubaliana kama watu wazima. La kulia Mado alilitengeneza kwa asidi na hatua zake zote, la kushoto kwa chupa moja. Rangi ikawa moja kwa yote mawili, nyeupe yenye unjano kwa mbali. Mado ni hodari wa rangi. Nilipojitazama kwenye kioo, mimi mwenyewe sikuweza kuona resini inaanzia wapi. Akanipa onyo moja tu, kwamba nisirarue vitu kwa meno ya mbele, nitumie kisu.

Tangu siku hiyo nikawa tangazo linalotembea. Sokoni, msikitini baada ya sala, barabarani: "Angalia! Lipi limebandikwa? Bonyeza!" Hakuna aliyepata jibu. Nilikuwa na raha sana na meno yale.

Sasa tuje kwenye mambo ya leo.

Dada yangu mkubwa, Sakina, ana binti anayeitwa Zaina. Zaina na mwalimu mmoja wa Wamaza, Ramazani, wanapendana, na wote wawili ni watu watulivu wasiojua kuficha. Mmoja akitajwa, mwingine anaangalia miguu yake. Leo baba yake Ramazani, Mzee Feruzi, na shangazi yake, Mama Mwavita, walikuja kwa mara ya kwanza nyumbani kwa dada kumwona binti.

Siku kama hiyo kwetu hakuna maneno yanayoshinda chakula. Binti anapika mwenyewe, na anapika wali. Mpunga wetu unaanikwa chini, uani, kwa hiyo unaokota vijiwe vyote vya Kasongo. Lazima mchele uchaguliwe kwenye ungo, punje kwa punje. Mgeni akila akashiba bila kusikia "kwaa" kati ya meno, anajua binti ana macho na ana subira. Akisikia "kwaa", anajua mengine, na anakwenda kuyasimulia.

Zaina alikuwa anachagua mchele tangu juzi. Alichagua, akarudia, akarudia tena, hadi mama yake akamwambia kwa namna hiyo atatupikia ungo. Nilipofika asubuhi alikuwa bado ameinamia ungo, macho mekundu.

"Mujomba," akaniambia, "kama kuko hata moja, mimi nakufa."

Nikamwambia asiogope, mjomba wake nipo. (Kumbukeni nilisema hivyo.)

Wageni wakafika baada ya sala ya adhuhuri, pikipiki mbili, vumbi hadi kwenye nyusi. Shemeji yangu Saidi, baba yake Zaina, akawapokea kwa maji na salamu ndefu. Wanaume tukakaa mkekani sebuleni: Saidi, Mzee Feruzi na mimi. Wanawake walikuwa chumba cha pili, pazia katikati. Lakini Mama Mwavita hakukaa ndani kabisa. Alikaa palepale penye pazia, bega moja kwao, bega moja kwetu. Huyu mama ananunua dhahabu machimboni Salamabila, macho yake yamezoea kutafuta kitu kidogo kwenye mchanga. Nilimwogopa tangu aliponisalimu.

Mzee Feruzi alipocheka kwa jambo fulani alilosema Saidi, nikaona jino lake la mbele lina nusu tu. Kazi ni kazi, sikuweza kunyamaza.

"Pole, baba. Hiyo jino ilipata nini?"

Akashusha pumzi. "Jiwe ya muchele, dokta."

"Wapi?"

"Mwaka jana tulienda kuangalia binti fulani. Sitataja nyumba. Niliuma kwaa, na jino ikaenda."

Mama Mwavita akamalizia kutoka pazia lake: "Tuliamuka palepale. Hatukungoja hata chai. Na yule binti, ni basi!"

Huko jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka chini. Nikajua Zaina amesikia. Saidi akanitazama kwa jicho la kuomba msaada, yaani mjomba badilisha maneno, na mimi nikaona nafasi yangu. Nikasogea karibu na Mzee.

"Baba, jino hiyo inatengenezwa," nikasema. "Angalia mimi." Nikafungua mdomo wote. "Meno mbili za mbele zilivunjika. Tulizibandika. Onyesha nafasi tulibandika."

Mzee akavaa miwani. Akatafuta. Akageuza kichwa changu kuelekea dirishani kama mtu anayenunua mbuzi. Hakuona.

"Bonyeza, baba! Kwa nguvu!"

Akanawa kidole, akabonyeza la kulia, akabonyeza la kushoto.

"Haitikisike!" akasema kwa mshangao. "Na kole yenyewe inadumu?"

Hapa ndugu zangu ningeweza kusema maneno ya mtu aliyesoma. Ningeweza kusema inategemea jino, inategemea njia, inategemea mkono wa aliyebandika na mwenye jino anatafuna nini. Ndiyo ukweli, na naujua. Badala yake nikajipiga kifua.

"Baba, hii ya shoto, ya chupa moja, ndiyo ya kisasa. Hii ndiyo itanizika mimi."

"Garanti?"

"Garanti!"

Mzee akafurahi, akasema Jumatatu atarudi Kasongo aje kituoni tumtengeneze. Saidi akapumua. Hata Mama Mwavita akaitikia kwa kichwa, ameridhika kidogo. Mimi nikawa mkubwa kuliko mkeka niliokalia.

Chakula kikaletwa. Sinia kubwa, wali mweupe umekaa mlima, mvuke unapanda. Sombe, yale majani ya muhogo, ya mawese pembeni. Na jogoo. Huyo jogoo nilimfahamu akiwa hai, alikuwa anafukuza mbwa wa jirani. Tukanawa, tukasema bismillahi, na kila mtu akamwachia Mzee Feruzi aanze.

Akafinyanga tonge, akatia mdomoni, akafumba macho. Akatafuna taratibu, kwa masikio. Nyumba nzima ilinyamaza kumsikiliza akitafuna. Akameza. Akachukua la pili, akatafuna tena hivyohivyo, akameza.

"Muchele iko safi," akasema.

Nyuma ya pazia nilimsikia dada yangu akisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, na mtu mwingine, nadhani Zaina, akikaa chini kwa ghafla. Tukaanza kula kwa furaha. Saidi akampa Mzee firigisi, kwa heshima. Mzee naye, kwa heshima, akachukua paja la jogoo akaniwekea mbele yangu.

"Hii ya dokta," akasema. "Tuone hizo meno kazi yake."

Nifanyeje? Onyo la Mado lilikuwa kichwani. Lakini kuomba kisu mbele ya wakwe ni kusema wazi kwamba nyama ni ngumu, na kusema nyama ni ngumu ni kumsema aliyepika. Pia (niseme kweli) kulikuwa na watu wananitazama. Nikalishika paja kwa mkono, nikaliuma kwa meno ya mbele, upande wa kushoto, nikavuta.

Jogoo akakataa. Nikavuta tena, huku shingo imenisimama. Nikasikia "tik" ndogo, nyama ikaachia. Nikadhani ni mshipa wa jogoo umekatika. Nikatafuna kwa majigambo, nikamkonyeza Saidi, nikaendelea na wali. Mlo ulikuwa mtamu sana hadi hapo.

Kisha Mzee Feruzi akauma.

Kwaa!

Sauti ile nadhani ilifika barabarani. Mkono wa Saidi ukaganda hewani na tonge lake. Mzee akaacha kutafuna. Akatia vidole viwili mdomoni, akatoa kitu kidogo cheupe, akakiweka kwenye kiganja, akakitazama kwa karibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudishwa mahali alipoapa kutorudi.

"Jiwe," akasema.

Pazia likafunguka, Mama Mwavita akawa ameshaingia na kisahani cha chai. "Weka hapa."

"Mama, pole sana," Saidi akaanza, "labda ni..."

"Weka hapa, kaka."

Ndani, Zaina akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alilia kile kilio cha kujiziba mdomo kwa kitambaa, ambacho kinasikika zaidi. Dada yangu alikuwa anamwambia nyamaza mama, nyamaza. Mimi roho iliniuma. Nikamkasirikia Mungu (nisamehewe), nikaukasirikia mpunga, nikawakasirikia wote wanaoanika chini. Nikakunja midomo kwa hasira. Ulimi ukapita mbele ya meno, kama unavyopita kila siku.

Ukakuta mlango.

Nikaurudisha ulimi. Labda nimekosea. Nikaupeleka tena polepole: jino la kulia lipo, zima. La kushoto ni nusu, na ncha yake inakwaruza. Nikaangalia kisahani. Kitu cheupe, chenye unjano kwa mbali, ukubwa wa punje nene ya wali. Mado na rangi zake! Kumbe kiliruka upande wa Mzee nilipovuta paja, na ndani ya sinia lile hata mimi niliyekibeba mdomoni nisingekiona.

Nikafunga mdomo kwa nguvu zote.

Mama Mwavita alikuwa anakigeuzageuza kile kitu kwenye kiganja chake, anakipima bila mizani kama wanavyofanya kule machimboni. Akakipeleka dirishani.

"Hii haina uzito ya jiwe," akasema.

"Jiwe ni jiwe," Mzee akajibu. "Imeniumiza."

"Kaka, mimi najua mawe. Hii ni kitu ingine. Dokta, wewe kuja uangalie."

Nikatikisa kichwa, nikafanya "mm-mm", nikaonyesha kwa kidole mifupa ya jogoo. Yaani ni mfupa tu, jamani, tuendelee kula. Mpango haukuwa mbaya, mfupa si kosa la anayechagua mchele.

"Mufupa?" Mzee akakasirika. "Mu katikati ya muchele? Upande wangu, nyama haikugusa? Musinifanye mutoto. Ile mwaka walisema vilevile, mufupa."

Akajisogeza nyuma ya sinia. Akaomba maji ya kunawa. Mnajua maana ya mgeni kuomba maji ya kunawa wakati mlima wa wali bado umesimama. Saidi akanigeukia. "Shemeji, sema kitu! Wewe ndiye mujomba!" Nikafanya "mm" nyingine. Nadhani Saidi alitaka kunipiga.

Hapo Zaina akaingia mwenyewe. Binti wa kuonwa haingii hivyo. Aliingia, kanga imelowa machozi, akapiga magoti karibu yangu, hakuwatazama wageni kabisa.

"Mujomba," akasema, "nilichagua yote. Wewe uliniona asubuhi. Waambie uliniona."

Nilikuwa na njia mbili. Ninyamaze, jina langu la kazi libaki zima, Jumatatu Mzee asije, na huyu mtoto aitwe binti wa vijiwe hadi mvi zimtoke. Au nifungue mdomo. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa muda wa kutosha mtu kunawa mkono mmoja. Kisha nikamwangalia Zaina na macho yake mekundu ya ungo, nikaona nikinyamaza sitaweza kula kwenye nyumba hii tena.

Nikafungua mdomo.

"Sssi jiwe," nikasema. Upepo ulipita kwenye ile nafasi na kupiga filimbi. Wote wakaniangalia mdomoni, Mzee na miwani yake, Saidi, Zaina, dada yangu ambaye alikuwa ameshachungulia kwenye pazia.

"Ni jino," nikasema. Filimbi haikutokea tena, aibu ndiyo ilitokea.

"Jino ya nani?" Mzee akauliza.

"Yangu, baba."

"Jino gani?"

"Ile ya shoto."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na nikatamani asifike mwisho wa kufikiri.

"Ile ulisema nibonyeze?"

"Ndiyo, baba."

"Ile ya garanti?"

"Ndiyo, baba."

"Na sasa hivi ilikuwa mu kinywa yangu."

Nikamsogezea birika la maji.

Mzee Feruzi akainuka bila haraka. Akachukua birika lote, akatoka uani. Tukabaki tumekaa. Tulimsikia akisukutua. Jamani, alisukutua! Anasukutua, anatema, anapumzika, anasema "astaghfirullah", anaanza tena. Birika likaisha, akaomba lingine. Mama Mwavita alinishushia kisahani mbele yangu, akasema kwa sauti kavu, "Chukua mali yako." Nikalichukua jino langu, nikalifunga kwenye leso, nikalitia mfukoni, na kichwa sikuinua.

Zaina ndiye aliyeanza. Nilidhani analia tena, mabega yanatikisika, kumbe anacheka. Anacheka na machozi bado yanamtiririka. Dada yangu akamfinya ili anyamaze, naye akashikwa na kicheko. Nyuma ya pazia ikawa ni vurugu. Mimi na Saidi tulibaki na nyuso za msiba.

Mzee akarudi. Ndevu zimelowa. Akakaa mahali pake, akatazama sinia, akanitazama, akamtazama Zaina ambaye alikuwa amejificha nusu kwenye pazia.

"Mimi nilikuja kuomba bibi ya mutoto wangu," akasema. "Sasa nimeisha kula mujomba yake. Nitakataa undugu namna gani?"

Saidi akaanguka ubavu kwa kicheko, na Mzee mwenyewe akacheka, na nusu jino lake likaonekana, na mimi nikacheka huku nimefunika mdomo kwa mkono. Mzee akasema mchele ni safi, atasema hivyo Wamaza nzima, na anayetaka ushahidi aje kwake. Akasogea tena kwenye sinia. Alikula. Ila niliona alichora mstari kwa kidole kwenye wali, huu upande wangu, huu wake.

Walipoanza kunywa chai nikatoka nyuma ya nyumba nikampigia Mado. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini.

"Ilitoka nzima ao ilivunjika?" akauliza. Hakuuliza habari ya wakwe.

"Nzima. Imebanduka pale kwa ganda."

"Na ya kuume?"

"Iko. Haitikisike."

Nikangoja anicheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema meno mawili ya mtu mmoja hayatoshi kuthibitisha kitu, kwamba ningeuma upande wa kulia labda lingetoka hilo la asidi, kwamba jogoo wa kijiji si kipimo, na nisiende kutangaza kwamba chupa ni mbaya kama nilivyotangaza kwamba ni nzuri. Chupa itabaki kazini, ndani ya meno. Kwenye ganda tutatangulia na asidi.

"Kesho kuja mapema," akasema. "Tutabandika tena. Na hii mara, kisu."

"Ndiyo, shefu."

"Na ule mzee, bado anakuja Jumatatu?"

Nikarudi ndani kuuliza, nikamweleza Mzee na habari ya Mado na asidi yake. Mzee akasema anakuja. Jino lake linamsumbua, na kole haina kosa, mwenye kole ndiye mwenye maneno mengi. Lakini akaomba kwamba atakayemgusa ni yule mama daktari, si mimi, na kama kuna asidi, apakiwe asidi yote.

Jioni ikakaribia, wakajiandaa kuondoka kabla barabara haijawa giza. Mambo yote mazuri yalishasemwa, siku ya kurudi na maneno ya mahari wakaiacha wazi, Zaina akaaga kwa kuinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Mama Mwavita alikuwa ameshajifunga kitambaa cha vumbi, pikipiki inanguruma, akamwita Saidi karibu. Alisema kwa heshima, ila kwa sauti ya kutosha kunifikia.

"Sisi tumekubali. Binti tumemupenda. Iko neno moja tu tunaomba. Siku ya ndoa, mujomba akule mu sahani yake peke yake."

Saidi akaapa kwamba itakuwa hivyo. Dada yangu akaapa. Zaina, yule niliyejivunjia heshima kwa ajili yake, akasema yeye mwenyewe atanipakulia. Basi, habari ndiyo hiyo. Nimemwoza binti wa dada yangu kwa jino, na nimetengwa na sinia. Naombeni msicheke mbele ya watoto, na yeyote atakayealikwa harusini anifuate kona yangu tukae wote, maana nitakuwa na sahani kubwa na sina wa kula naye.